Wahitimu Watano wa Lugha za Kale

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika. Imesukumwa chini ya mlango wa ofisi yangu. (Ofisi! Ni stoo ya viti vibovu chini ya ngazi. Lakini nimebandika jina langu mlangoni, na stoo yenye jina ni ofisi.)

Ni ya Mkuu wa Kitivo. Mwalimu anastaafu. Mwalimu ndiye profesa aliyetufundisha Kilatini na Kigiriki cha kale, na ndiye mtu pekee wa kudumu katika Idara ya Lugha za Kale. Mimi ni mhadhiri wa muda. Huu ni mwaka wa tisa niko wa muda. Kuna ndoa zimefungwa na kuvunjika ndani ya muda huo.

Mkuu anauliza: idara ifungwe, au nafasi ya Mwalimu itangazwe? Kabla ya kuamua anataka ripoti. Wahitimu wetu wamefika wapi kazini, hasa katika taaluma? Ripoti niandike mimi. Kikao Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14.

Nimeisoma mara nne. Nafasi ya kudumu! Dirisha! Kiti chenye miguu minne!

Darasani walikuja watatu. Mmoja amegundua leo, wiki ya tano, kwamba hatutacheza. Alijiandikisha akidhani ni densi za Kilatini. Nimemsihi abaki, nikamwambia vitenzi navyo vina mdundo wake. Amesema atafikiria. Nje nimemsikia akicheka.

Kwa hiyo wawili.

Jumanne, 4 Machi

Darasa letu tulikuwa watano. Mwalimu alituita kizazi cha dhahabu. Sasa miaka kumi na tano imepita na dhahabu imetawanyika.

Wa kwanza kwa alama: mimi. Naandika kwa kumbukumbu tu, si kwa majivuno.

Wa pili: Nukta. Tulimwita hivyo kwa sababu kila ubishi aliumaliza kwa kusema "nukta" na kuondoka. Nilimshinda kwa alama mbili na hajawahi kunisamehe. Baada ya shahada ya kwanza alihamia Uongozi. Usaliti! Leo ni profesa mshiriki hapa hapa chuoni, ghorofa ya tatu, ofisi yenye mapazia. Tena ni mjumbe wa kamati ya Mkuu.

Nimekutana naye kwenye ngazi. Kaniuliza kwa upole kama bado niko pale chini. Nimejibu kwamba niko kwenye utafiti. Kasema hongera, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Anazining'iniza makusudi.

Mkakati nambari moja: Nukta asitokee kwenye ripoti. Au atokee kwa herufi ndogo.

Wengine watatu sijawaona miaka mingi. Watakuwa maprofesa, pengine ng'ambo. Nitaandika, "Mbegu zetu zimeota kila bara." Sentensi tayari ninayo. Bado watu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata Patasi. Hayuko ng'ambo. Yuko nyuma ya soko la mbao. Anachonga mawe ya makaburi.

Amenikumbatia mbele ya wafanyakazi wake sita. Koti langu la pekee sasa lina viganja viwili vyeupe mgongoni. Vumbi la marumaru halitoki, Dada amejaribu.

Nimemweleza habari ya ripoti. Nimemwuliza kama angekubali kuitwa mtaalamu wa maandishi ya mawe. Kasema nimwite ninavyotaka, mradi nile nao.

Ningekula. Tatizo ni kwamba niliona jiwe limeegemezwa ukutani, limekamilika, limeng'arishwa, na chini yake maneno ya Kilatini. REQUIESCANT IN PACE. Nikashtuka. Nikamwambia Patasi kwa sauti ya darasani kwamba hili ni umbo la wingi. Maana yake ni "wapumzike kwa amani". Marehemu akiwa mmoja inatakiwa REQUIESCAT, "apumzike". Herufi moja tu!

Sikujua mjane amekaa kwenye benchi nyuma yangu.

Kauliza polepole, "Wapumzike? Yeye na nani?"

Nikamweleza nafsi ya tatu umoja na nafsi ya tatu wingi. Hakutaka nafsi. Alitaka jina. Kumbe mtaani kulikuwa na maneno ya chini chini tangu msibani, na mimi nimeyachongea ushahidi. Kapiga yowe. Shemeji zake wakashuka kwenye gari. Patasi akanionyesha mlango wa nyuma kwa patasi yenyewe.

Nimeondoka na njaa. Lakini nilikuwa sahihi.

Ijumaa, 7 Machi

Gia. Ana shule ya udereva yenye magari matatu. Tulimwita Gia kwa sababu darasani hakuwahi kusoma sentensi kwa mwendo mmoja. Hajabadilika, isipokuwa ni mnene na ana furaha. Furaha yake inaudhi.

Kakataa kuzungumza mpaka nikae kwenye usukani. Kasema anafundisha kama Mwalimu alivyofundisha vitenzi: kimoja kimoja, rudia, rudia, usimcheke mtu. Kasema wanafunzi wake wote hufaulu mwishowe, na wote wakifaulu wana pa kwenda.

Maneno hayo yalinichoma nikasahau breki. Tumepanda ukingo wa barabara na kuangusha kibao cha daktari wa meno. Daktari wa meno akatoka na glavu mkononi. Gia, kwa nia njema kabisa, akanitambulisha kuwa mimi pia ni daktari. Daktari mwenzangu akauliza wa nini. Nikasema tasnifu yangu ilihusu neno moja dogo la Kilatini lenye maana ya "lakini". Kurasa mia nne na kumi. Akavua glavu, akamwambia Gia anirudishe nyumbani taratibu.

Kasuku nimempata kwa simu. Alikuwa bingwa wetu wa kukariri. Yuko redioni. Roho yangu iliruka kwa shangwe! Mchambuzi wa siasa? Mtayarishaji wa vipindi vya historia? Anasoma matangazo ya vifo, na Jumamosi vitambulisho vilivyopotea.

Kizazi cha dhahabu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika ripoti. Sikusema uongo hata mara moja. Nimechagua maneno.

Patasi: mtafiti huru wa maandishi ya mawe, mkuu wa kituo chenye wasaidizi sita. Gia: mkufunzi mwandamizi wa nadharia na vitendo vya mwendo. Kasuku: mhadhiri wa umma kwa njia ya mawimbi. Mimi: mwanazuoni mkazi. Nukta: "Mmoja alihama."

Nimeandika haya nikikatizwa kila dakika. Naishi kwa Dada. Yeye ni fundi cherehani na chumba changu ni cha kupimia wateja, kwa hiyo kila mteja akija mimi hutoka. Halafu jirani kaja tena na goti lake. Nimemweleza kwa mara ya saba kwamba mimi ni daktari wa Kilatini. Kasema sawa, basi nimpe hata dawa ya Kilatini.

Shemeji, mume wa Dada, kaipitia ripoti akiwa amesimama. Kauliza hawa ni watu gani wakubwa namna hii na mbona hawajawahi kunitafutia kazi.

Jioni Dada kaniita. Pini zilikuwa mdomoni, lakini maneno yalitoka wazi.

"Mdogo wangu, yule mteja wangu mwalimu mkuu anatafuta mwalimu wa lugha. Kazi ya kudumu. Nimekuombea. Wewe upeleke vyeti tu, mwisho Jumatatu ya tarehe kumi na saba."

Shule ya sekondari! Mimi! Nimemwambia tusubiri kikao cha tarehe 14. Nimemwambia siku chache tu na mdogo wake atakuwa mkuu wa idara. Kasema maneno hayo aliyasikia nilipoanza chuo, akayasikia nilipomaliza, na walipozaliwa mapacha wake ambao sasa wanajua kusoma. Kisha akatoa pini moja mdomoni, labda ili methali ipite vizuri: sikio la kufa halisikii dawa.

Nimejibu kwamba methali si hoja.

Jumanne, 11 Machi

Balaa.

Nukta ameshuka hadi stoo. Kaketi kwenye kiti cha miguu mitatu na hakikuanguka. Mimi kimeniangusha mara kumi na moja. Mkononi alikuwa na ripoti. Wajumbe wote wamepewa nakala.

Kasema imemgusa. Kasema hakujua kwamba wenzetu wamefika mbali hivyo. Kwa hiyo kawaandikia, na wote watatu wamekubali kuja kikaoni Ijumaa, wajieleze wenyewe mbele ya Mkuu.

Nimecheka. Ni kile kicheko kinachotoka wakati mlango uko mbali.

Mlangoni kageuka, kauliza huyo "mmoja alihama" ni nani.

Jumatano, 12 Machi

Nimewapigia wote. Nimewafundisha la kusema. Patasi avae tai na aseme "kituo", asiseme "karakana". Gia asije na gari lenye kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa. Kasuku akiulizwa anahadhiri nini, akohoe.

Patasi kauliza kama nina homa. Gia kasema tai anayo moja, watapokezana. Kasuku amekohoa papo hapo kwa majaribio. Ni kikohozi cha mtu anayeficha kitu.

Mwalimu kapita stoo, kauliza maandalizi yanaendaje. Nimemwambia idara imeokoka. Kaninyooshea kola ya shati kama zamani. Mikono yake inatetemeka siku hizi.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi mdogo, meza ndefu. Mkuu wa Kitivo katikati, Nukta kulia kwake, Mwalimu pembeni katika suti iliyompwaya. Wenzangu watatu wakakaa upande wa pili, wamenyoa, wanameremeta. Tai ilikuwa kwa Kasuku.

Mkuu kamwuliza Patasi kituo chake kinatafiti nini.

"Nachonga mawe ya makaburi, mama," kasema Patasi. "Kilatini natumia mara mbili kwa mwezi hivi. Hivi karibuni nimekosea herufi moja, mwenzangu huyu akanisahihisha." Akanielekeza kwa shukrani!

Gia kasema anafundisha watu kuendesha gari. Kasuku alikohoa, akakohoa tena, Mkuu akamsogezea maji, na baada ya maji akasema anasoma matangazo ya vifo.

Mkuu kavua miwani, kaitazama ripoti, kanitazama mimi, kaitazama tena ripoti. Halafu, badala ya kufoka, kawauliza kama wanajuta kusoma lugha za kale.

Hakuna aliyejuta. Patasi kasema alijifunza kuitazama herufi moja mpaka iwe kweli, na kwamba ile iliyomponyoka bado inamkosesha usingizi. Gia kasema alijifunza kwamba mtu anayesoma polepole si mjinga. Kasuku kasema Mwalimu aliwazoesha kutamka majina ya waliokufa zamani kana kwamba wangeitika, na ndivyo anavyoyasoma hata sasa, kwa sababu kila jina lina mtu jikoni anasikiliza. Hata Nukta kasema jambo. Kasema sentensi ya Kilatini huweka kitenzi mwishoni, kwa hiyo alijifunza kumsikiliza mtu hadi mwisho kabla ya kumjibu.

Mwalimu alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Nikajua tumeshinda. Tumeshinda! Nilishaanza kuchagua mapazia.

"Na wewe, Daktari?" kauliza Mkuu. "Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Kwa miaka mingapi?"

"Tisa."

"Unafanya nini hasa?"

"Nasubiri."

Neno lilitoka lenyewe. Sijui lilikuwa limekaa wapi muda wote huo.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mkuu kafunga faili taratibu. Kasema ripoti imemsaidia, ingawa si kwa namna niliyoiandika. Elimu hii imewafaa wote walioichukua wakaondoka nayo. Katika watano ni mmoja tu aliyekwama, naye ni yule ambaye idara ilimbakiza. Hawezi, kwa dhamiri safi, kuiachia imbakize mwingine.

Idara inafungwa mwisho wa muhula. Nafasi haitatangazwa.

Yaani nimeandika ripoti, nikaleta mashahidi, nikathibitisha kisomi kabisa kwamba kosa pekee ni mimi.

Kwenye korido Nukta kajaribu kunishika bega. Nimejitoa. Kasema alimwomba Mkuu idara isifungwe, na kwamba aliwaita wenzetu akidhani wakionekana wenyewe watatuokoa.

Nimetafakari njia nzima. Bila shaka ni hila.

Jumamosi, 15 Machi

Nimelala.

Shemeji alichungulia mlangoni. Tangu nilipomaliza tasnifu, kila akiniona huuliza, "Lakini nini, Daktari?" na hucheka peke yake. Leo hakuuliza kitu. Kaurudisha mlango polepole. Hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Jumatatu, 17 Machi

Nimehamisha vitu stoo. Masanduku mawili. Miaka tisa inaingia kwenye masanduku mawili na nafasi inabaki.

Mwalimu kaja kunisaidia. Alibeba kamusi moja, akachoka, akaketi kwenye ngazi. Nikaketi naye. Wanafunzi wakawa wanatupita juu kama maji yanavyopita mawe.

"Wewe ulikuwa na akili kuliko wote," kasema. "Nami nilikuwa mpweke. Kila mwaka nilikwambia nafasi iko karibu, kwa sababu nilitaka mtu wa kuzungumza naye. Nilipaswa kukwambia uondoke. Unisamehe, mwanangu."

Nilimshika mkono mpaka ukaacha kutetemeka. Kisha nikambebea kamusi yake hadi getini, na nikasubiri gari pamoja naye.

Nimeyaandika maneno yake yote ili nisiyasahau. "Kuliko wote." Nimeyapigia mstari. Na Nukta hakuwepo kuyasikia!

Jumanne, 18 Machi

Nimekumbuka vyeti saa nne asubuhi. Vilitakiwa jana.

Nimekimbia. Mwalimu mkuu alikuwa mpole. Kasema walinisubiri hadi jioni, Dada yangu alimpigia mara tatu. Leo asubuhi kazi wamempa mwombaji mwingine. Kanitambulisha kwake koridoni. Binti mchangamfu, chaki mkononi. Kanikumbuka mara moja. Alikuwa mwanafunzi wangu wa Kilatini, akaacha wiki ya pili. Kanishukuru! Kasema nilimsaidia sana kufikia uamuzi ule.

Dada hakunigombeza. Kashona hadi jioni, mguu juu ya cherehani, na mara moja nilimwona akipangusa shavu kwa kitambaa cha mteja. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 20 Machi

Patasi kaja na pikapu lake. Kaketi sebuleni, vumbi kila mahali, na Dada hakulalamika hata kidogo.

Kasema yule mjane ametulia. Jiwe limechongwa upya, N haipo, na yeye mwenyewe amesema angalau kuna mtu alisoma kwa makini. Kasema mawe yanaharibika kila wiki kwa makosa ya herufi, majina, tarehe. Anahitaji jicho. Kazi ya kudumu.

Nimemwambia nitatafakari. Dada kasema nimeshatafakari. Shemeji alikuwa tayari ameyapakia masanduku yangu mawili kwenye pikapu.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya kwanza. Nimesahihisha mawe manne kabla ya saa sita. Babu mmoja alikuwa amezaliwa baada ya kufa. Wafanyakazi wamenipigia makofi. Nimekula nao kwenye kivuli cha mabati, nikasikiliza patasi zikigonga, na kwa robo saa sikuwa nasubiri kitu chochote.

Ilinitia wasiwasi sana.

Ijumaa, 28 Machi

Leo kaja mama mmoja na binti yake kuagiza jiwe la babu. Binti amemaliza sekondari kwa alama za juu, mwezi ujao anaanza ufamasia, nafasi ameshapewa. Akagusa herufi za Kilatini kwenye jiwe la mfano, akauliza zina maana gani.

Nikamweleza. Macho yakamng'aa! Nikamweleza vitenzi. Nikamweleza nyakati sita. Mama yake alikaa, akasimama, akakaa tena. Patasi alikuwa akiniita toka upande wa pili wa uwanja, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, nikamfanyia ishara asubiri.

Nimemwambia binti kwamba famasia zimejaa kila kona, lakini nani anasoma Kilatini? Hakuna! Hana mshindani! Nimemwambia kuna chuo mji wa pili chenye Idara ya Lugha za Kale. Profesa mmoja, mzee, karibu anastaafu. Nikapiga simu palepale. Wana wanafunzi tisa, na wakifika kumi nafasi ya profesa itatangazwa.

Mama kauliza kama kuna ajira. Nimempa takwimu: wahitimu watano, wote wana kazi, wawili wako taasisi moja. Kavutiwa. Nimewaandikia barua ya mapendekezo nyuma ya fomu ya jiwe.

Binti atanijibu Jumatatu. Barua yangu ya kuomba nafasi ya profesa nimeshaiandika. Safari hii siwezi kukosa.